Saa chache bandarini Hawaii: ushuke wapi kutazama samaki?

Meli ikifika saa 2 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni, ratiba inakuonyesha saa 9 za kushuka. Zipunguze. Toa muda wa kungoja ngazi ifunguliwe, toa foleni, toa safari ya kwenda na kurudi, toa kuvaa na kuvua, kisha toa saa nzima ya tahadhari, kwa kuwa abiria wote hutakiwa wawe ndani nusu saa au zaidi kabla ya meli kuondoka. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha. Anayezunguka Hawaii kwa meli ya kitalii, na akawa anataka kuvaa barakoa na mrija atazame samaki, aweke kando orodha za fukwe maarufu na ajiulize maswali mawili: zitapita dakika ngapi tangu nitoke kwenye ngazi ya meli hadi uso wangu uingie majini? Na nikishaingia, bahari ya mahali hapo siku hiyo itakuwa tulivu?

Kwa vipimo hivyo, Hanauma Bay, ghuba ya karibu na Honolulu na jina linalotajwa kabla ya mengine yote, hushuka chini sana kwenye orodha. Ghuba ndogo ya Kahaluʻu, ambayo wengi huipita wakienda kununua kahawa ya Kona, hupanda juu.

Nazungumzia hasa zile bustani za umma za ufukweni ambazo kila kaunti ya Hawaii inazo: ufuo wazi kwa kila mtu, wenye vyoo, mabomba ya kuogea, meza chini ya miti na, katika nyingi kati ya hizi nitakazotaja, waokoaji wa serikali. Zinamfaa abiria wa meli kwa sababu hazihitaji kununua siku nzima ya hoteli wala kujiunga na kundi la watu hamsini.

Ratiba nayo ina maana kubwa. Meli ya Pride of America huzunguka visiwa hivi mwaka mzima. Kwa kawaida huondoka Honolulu Jumamosi, hukaa Kahului, kisiwani Maui, Jumapili na Jumatatu, hufika Hilo Jumanne na Kona Jumatano, zote mbili kwenye Kisiwa Kikubwa cha Hawaii, na Nāwiliwili ya Kauai kuanzia Alhamisi hadi Ijumaa mchana. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu inapeperusha bendera ya Marekani. Sheria ya mwaka 1886 inazizuia meli za bendera za kigeni kuchukua abiria bandari ya Marekani na kuwarudisha palepale bila kugusa nchi nyingine, ndiyo maana zile zinazotoka California huchomekea kituo cha Ensenada, Meksiko. Hizo za California hutumia siku nne au tano baharini kabla ya kuona Hawaii, na zikifika hupewa siku mojamoja kila bandari. Hakuna kulala Maui, hakuna kulala Kauai. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha fukwe, jua uko kwenye meli ya aina gani.

Hanauma au Kahaluʻu

Hanauma ni kreta ya volkano iliyobomoka upande mmoja, bahari ikaingia. Mwaka 1967 ilitangazwa kuwa hifadhi ya kwanza ya viumbe wa baharini katika jimbo la Hawaii, na tangu uvuvi upigwe marufuku samaki wake wamezoea watu kiasi cha kupita mbele ya barakoa yako bila haraka. Umaarufu huo nusura uimalize. Katika miaka ya 1980 ilikuwa ikipokea watu wapatao milioni 3 kwa mwaka, wengi wakikanyaga matumbawe na kuwarushia samaki chakula. Jiji la Honolulu likaweka masharti, na hayo ndiyo yanayombana abiria wa meli.

Ghuba hufungwa kila Jumatatu na Jumanne. Asiye mkazi, kuanzia umri wa miaka 13, hulipa dola 25. Nafasi huwekwa mtandaoni siku 2 kabla, kuanzia saa 1 asubuhi kwa saa za Hawaii, na huisha ndani ya dakika chache. Sasa chukua mfano wa abiria aliyetoka California ambaye meli yake inafika Honolulu Alhamisi. Jumanne asubuhi, wakati wa kugombea tiketi, yuko katikati ya Pasifiki na intaneti ya meli, akishindana na watu waliokaa hotelini Waikiki wakiwa na kasi nzuri. Akiipata, tiketi ina saa yake, na kila mgeni lazima kwanza aangalie filamu fupi ya dakika 9 kuhusu utunzaji wa ghuba. Meli ikichelewa kufunga gati, saa iliyoandikwa kwenye tiketi haimngoji. Kuna umbali wa kilomita 20 hivi kutoka bandarini, kwanza kwa foleni za jiji, halafu kuna mteremko mkali wa kushuka kwa miguu, ambao jua la mchana huugeuza kuwa mlima wakati wa kurudi.

Na ukishafika? Sehemu ya ndani, iliyo salama kwa mgeni, ni bapa la mwamba lenye vijito vya mchanga. Samaki ni wengi, matumbawe hai ni machache. Matumbawe mazuri yako nje ya ukingo, na huko kuna mikondo yenye nguvu, mmoja ukiitwa na wenyeji Molokai Express, kwa jina la kisiwa cha Molokai kilicho ng'ambo, na jina hilo linatosha kukueleza utakapopelekwa. Jambo jingine ambalo vipeperushi havisemi: siku ya 8 hadi ya 10 hivi baada ya mwezi mpevu, konyeza wenye sumu kali husogea kwenye fukwe za kusini mwa Oʻahu, kisiwa penye Honolulu, Hanauma ikiwamo, na ghuba inaweza kufungwa. Tazama kalenda ya mwezi kabla ya kutoa dola 25.

Sisemi Hanauma ni mbaya. Ni ya mtu anayewahi kufika Honolulu siku moja mbili kabla ya safari, akalala mjini, akaweka nafasi ya Alhamisi au Ijumaa na kwenda mapema jua likiwa bado dogo. Kwa anayeshuka meli Jumamosi akiwa na sanduku mkononi na ndege ya jioni, ni usumbufu mtupu.

Kahaluʻu ni habari nyingine. Kona hakuna gati la meli kubwa. Meli hutia nanga nje, na abiria hushushwa kwa boti hadi gati dogo la Kailua, katikati kabisa ya mji. Hapo ndipo muda wako unapoweza kuliwa, kwa sababu waliolipia matembezi ya meli hutangulizwa, na wewe unayekwenda kivyako huchukua nambari ukangoja. Ukikanyaga gati, mambo hurahisika: kilomita 8 kuelekea kusini kwa barabara ya Aliʻi Drive, dakika 15 kwa teksi, na uko ufukweni. Tuseme boti imekushusha saa 3 asubuhi. Saa 4 kasoro robo unaweza kuwa majini, ukatoka, ukapumzika kivulini, ukaingia tena, na saa 7 mchana ukawa umerudi mjini na bado hujagusa akiba yako ya muda.

Pwani hii ya magharibi imekingwa na milima ya Hualālai na Mauna Loa, ambao una urefu wa mita 4,169, kwa hiyo pepo za kaskazini mashariki zinazotawala Hawaii hazifiki kwa nguvu na bahari ya asubuhi mara nyingi hulala. Ghuba yenyewe ina kinga ya pili: ukuta wa kale wa mawe ya lava, sasa umebomoka kwa sehemu, ambao simulizi za wenyeji husema ulijengwa na menehune, watu wafupi wa hadithi. Ndani yake kina ni cha mita 1 hadi 3 tu. Kwa anayejifunza, hilo peke yake lina thamani kuliko sifa zote za Hanauma: ukichoka, unatafuta mahali pa mchanga na kusimama.

Huna haja ya kwenda mbali. Kangaja wa njano hupita kwa makundi, pono huguguna mwamba kwa sauti unayoisikia ukiwa majini, na yuko yule kikande ambaye ni samaki rasmi wa jimbo, humuhumunukunukuāpuaʻa, mkali kuliko ukubwa wake. Karibu robo ya spishi za samaki wa miamba wa Hawaii hazipatikani kwingineko duniani, kwa hiyo hata aliyezoea kuogelea bahari nyingine ataona sura mpya. Kasa wa kijani huja kula mwani hadi kwenye maji ya magotini.

Ubaya wake nao usifichwe. Ufuo ni mdogo na hujaa kuanzia saa 4 au 5 asubuhi. Mawe ya kuingilia yanateleza, na kwenye mashimo yake wamejificha viumbe wa miiba. Viatu vya majini si anasa. Joto kali la bahari la mwaka 2015 liliua matumbawe mengi katika pwani yote hii, na anayetarajia bustani ya rangi atasikitika. Ukingoni kaskazini, upande wa kanisa dogo la ufukweni, mkondo huvuta watu kuwatoa nje, kwa hiyo baki katikati ya ghuba. Tena, matumbawe yanapozaana mwezi wa Aprili au Mei, huwekwa siku za kuipumzisha ghuba, na miaka mingine hufungwa kabisa kwa siku hizo. Safari yako ikiangukia majira hayo, ulizia mapema.

Kuna wanaosema: kwa nini ubaki Kahaluʻu wakati Kealakekua iko karibu? Ghuba ya Kealakekua, alikouawa nahodha James Cook tarehe 14 Februari 1779, ni hifadhi tangu 1969 na maji yake yanaizidi Kahaluʻu kwa mbali. Lakini sehemu nzuri, chini ya mnara wake, haifikiki kwa gari. Ni boti, au njia ya miguu inayoshuka zaidi ya mita 300 na kukudai upande tena kwenye jua. Kwa abiria wa meli, boti ndiyo njia pekee yenye akili, na ikiwa unaweza kulipia na kuiwahi, ichague bila kusita. Hōnaunau, mahali maarufu kwa ngazi za asili za lava zinazokushusha majini, iko kilomita 35 hivi kutoka mjini na haina waokoaji wala mchanga. Muogeleaji hodari mwenye gari la kukodi ataipenda. Mzazi mwenye watoto wawili asiifikirie.

Kauai: Lydgate kwa watoto, Poʻipū kwa wengine

Nāwiliwili ina gati, hivyo unatembea kutoka melini moja kwa moja. Hapo ndipo ulinganisho unapokuwa mgumu kidogo, kwa sababu bustani zote mbili ni nzuri.

Lydgate iko kilomita 10 hivi kaskazini, karibu na mlango wa mto Wailua. Watu waliweka mawe makubwa wakazungushia sehemu ya bahari, yakapatikana mabwawa mawili: kubwa la kuogelea na dogo la watoto wachanga. Mawimbi hupigia nje. Ndani maji hutikisika tu. Samaki wadogo hupenya kati ya mawe na wengine hukulia humo. Sijui mahali pengine Hawaii ambapo mtu anayeogopa bahari anaweza kuvaa barakoa kwa mara ya kwanza kwa utulivu kama huo. Waokoaji wapo, na kuingia ni bure. Kasoro yake ni mto: mvua ikinyesha milimani, maji hugeuka rangi ya chai na hakuna cha kuona. Mwenye uzoefu naye atachoka baada ya nusu saa.

Poʻipū iko upande wa kusini, mwendo wa nusu saa kwa gari, ukipita chini ya mikalitusi iliyopandwa mwaka 1911 ikafunika barabara kama paa. Ulimi wa mchanga unaunganisha ufuo na kisiwa kidogo cha mwamba, na pande zake mbili zina tabia tofauti: upande mmoja ukichafuka, mwingine huweza kuwa shwari. Samaki ni wengi na wakubwa kuliko wa Lydgate, na mara kwa mara sili wa Hawaii hupanda mchangani kulala. Wamebaki wapatao 1,600 tu, na ukimkuta amelala huzungushiwa kamba na wewe hukaa mbali. Wakati wa baridi, mawimbi makubwa yanapopiga kaskazini, kusini huku hutulia. Kiangazi mambo hugeuka, mawimbi ya kusini yakaingia.

Meli ikilala Kauai, nenda Poʻipū siku ya kwanza, Alhamisi, ukiwa na siku nzima. Ijumaa meli huondoka mchana, kama saa 8, na watu wanaokimbilia Poʻipū asubuhi hiyo hurudi wakitazama saa kila dakika tano. Lydgate ndiyo ya Ijumaa, ukipenda kuingia majini tena. Na ukiwa umepata siku moja tu Kauai, chagua kwa uwezo wa aliye dhaifu kuliko wote kwenye msafara wenu.

Hilo, na siku ya pili ya Maui

Hilo hupata mvua ya zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, na abiria wengi huitumia siku hiyo kwenda kuona volkano ya Kīlauea. Wako sawa. Lakini asiyetaka basi la saa nzima ana Richardson Ocean Park umbali wa kilomita 5 hivi kutoka gatini, na kabla yake Carlsmith, zote kwenye barabara moja. Mchanga wa Richardson ni mweusi, kasa wapo karibu kila mara, na waokoaji wapo. Kinachoshangaza ni maji yake: chemchemi baridi za maji yasiyo na chumvi hutokea chini ya lava na kuelea juu ya maji ya chumvi, na pale yanapokutana kila kitu huonekana kimefifia, mithili ya kutazama kupitia mafuta. Piga mbizi mita moja chini na picha husafika. Ni bandari ninayoiweka akiba: Kona ni ya nanga, na mawimbi yakiwa makubwa nahodha huweza kuiruka kabisa. Jumanne Hilo ikiwa na jua na utabiri wa Jumatano ni mbaya, usingoje Kahaluʻu.

Maui ndipo penye siri ndogo ya ratiba. Bustani za Kamaʻole, ziko tatu mfululizo Kīhei, zina mchanga safi, waokoaji, na miamba inayozitenganisha ambako ndiko samaki waliko. Ni kilomita 20 hivi kutoka Kahului. Shida ni upepo: kufikia saa 5 asubuhi hivi huanza kupiga, mchanga ukaruka, maji yakachafuka. Jumapili meli hufika asubuhi ambayo upepo tayari unajiandaa, ukishatoka melini na kupata gari umechelewa. Lakini Jumatatu umeamkia palepale bandarini. Saa 12 na nusu asubuhi unaweza kuwa barabarani, na saa 1 na nusu majini, bahari ikiwa kioo.

Asubuhi hiyohiyo ya Jumatatu ndiyo pekee inayofaa kwa Molokini, kreta iliyozama nusu, hifadhi tangu 1977, ambako kuona chini hadi mita 30 si ajabu. Boti hutoka Māʻalaea mapema sana, nyingi kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi, na kurudi kabla au karibu na adhuhuri. Jumapili huwezi kuiwahi, Jumatatu unaweza. Kama mfuko unaruhusu boti moja tu katika safari nzima, ningeitumia hapa au Kealakekua, kisha bandari nyingine zote nikatumia bustani za bure. Kati ya hizo mbili, Molokini ina maji meupe zaidi; Kealakekua ina matumbawe ya kutazamwa kwa karibu na haiko wazi kwa upepo kama Molokini.

Kuanzia Desemba hadi Aprili kuna zawadi isiyohitaji macho. Nyangumi wenye nundu huja maji haya kuzaa, na ukizamisha masikio ukatulia, mbele ya Kīhei, unaweza kuwasikia wakiimba wakiwa kilomita kadhaa mbali.

Kwa wanaopenda kuona mambo kwa mstari mmoja:

| Mahali | Bandari | Umbali wa karibu | Kuingia | Inamfaa |
|---|---|---|---|---|
| Hanauma | Honolulu | km 20 | dola 25, kwa nafasi | anayelala Honolulu kabla ya safari |
| Kahaluʻu | Kona (boti) | km 8 | bure | wengi, asubuhi |
| Lydgate | Nāwiliwili | km 10 | bure | watoto, waoga, siku ya meli kuondoka mchana |
| Poʻipū | Nāwiliwili | nusu saa kwa gari | bure | mwenye uzoefu, siku nzima |
| Richardson | Hilo | km 5 | bure | akiba, mpenda kasa |
| Kamaʻole | Kahului | km 20 | bure | Jumatatu alfajiri |

"Bure" hapo ni kwa anayeingia kwa miguu. Maegesho ya mgeni hulipiwa baadhi ya mahali, Kahaluʻu ikiwamo, na ni sababu mojawapo ya kupenda teksi kuliko gari la kukodi pale Kona.

Yanayoweza kuharibu siku

Teksi ya kwenda hupatikana kirahisi, ya kurudi ndiyo mtihani. Kubaliana na dereva saa ya kukuchukua kabla hajaondoka, hasa Lydgate na Poʻipū. Matembezi yanayouzwa na meli ni ghali, lakini yana faida moja ambayo kivyako huna: basi la meli likichelewa, meli hungoja. Wewe ukichelewa peke yako, inakuacha, na bandari inayofuata huenda iko kisiwa kingine, usafiri ukawa ndege kwa gharama yako.

Mafuta ya kujikinga na jua yamewahi kuwakera wengi dukani. Tangu tarehe 1 Januari 2021 Hawaii imepiga marufuku kuuza yale yenye oksibenzoni na oktinoksati, kwa kuwa yanadhuru matumbawe. Kaunti ya Maui ilikwenda mbali zaidi mwaka 2022: hata kuyatumia yasiyo ya madini ni kosa. Nunua yenye zinki, au rahisi zaidi, vaa fulana ya mikono mirefu ya kuogelea. Mgongo ndio unaoungua, na fulana haiyeyuki majini.

Kasa mwache mita 3, sili mita 15, na sili mwenye mtoto mita 45. Pomboo wanaoruka wakizunguka, wale wanaolala mchana kwenye ghuba za Kona, wanalindwa na kanuni ya shirikisho ya mwaka 2021: usiwasogelee chini ya mita 45, iwe kwa boti au kwa kuogelea. Wakala akikuahidi kuogelea katikati yao, anakuuzia faini.

Jambo zito kuliko yote ni pumzi. Kuogelea kwa barakoa na mrija ndiyo shughuli inayoongoza kwa vifo vya wageni katika bahari ya Hawaii, na wengi wao hawakuwa kwenye mawimbi makubwa. Watafiti huko wameeleza kwamba kuvuta hewa kwa nguvu kupitia mrija unaobana kunaweza kufanya mapafu yajae majimaji ya mwili wenyewe, mtu akaishiwa nguvu ghafla bila hata kumeza maji wala kupiga kelele. Wenye maradhi ya moyo wako hatarini zaidi. Ukihisi pumzi imekuwa fupi bila sababu, simama, vua barakoa, toka majini. Ndiyo maana mahali unapoweza kusimama, Kahaluʻu na Lydgate, napaweka mbele kwa yeyote aliyevuka miaka hamsini, hata akiwa anaogelea vizuri. Na mkae wawili wawili.

Vifaa navyo vinalinganishwa. Barakoa za uso mzima hupendwa na wasiopenda kuuma mrija, lakini ni ngumu kuvua kwa haraka na maji yakiingia huna namna ya kuyatoa ukiwa majini. Mimi nisingempa mtu mgeni. Barakoa ya kawaida inayobana usoni pako bila nywele kupenya, pamoja na mrija mpana usio na vali nyingi, haichukui nafasi kwenye sanduku, na ndiyo ya kubeba kutoka nyumbani. Mapezi ya miguuni ni mazito: yakodi ufukweni unapoyahitaji, kwa Molokini na Kealakekua boti huwa nayo, na ndani ya mabwawa ya Lydgate huyahitaji kabisa.